Sanda ya Torino: sanda ya Bwana Yesu au kazi ya karne ya 14?

Katekista wa Kigangoni ameuliza:

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni katekista wa kigango kimoja cha vijijini, na vijana wangu wameniletea swali ambalo sitaki kulijibu kijuujuu. Ijumaa iliyopita, baada ya Njia ya Msalaba, mmoja wao alitoa simu akatuonyesha video inayozunguka katika makundi ya WhatsApp. Video hiyo inadai kwamba wanasayansi wa Italia wamethibitisha kwa eksirei kuwa Sanda ya Torino ina umri wa miaka 2000, na kwamba kipimo cha kaboni cha mwaka 1988, kilichosema kitambaa hicho ni cha Zama za Kati, kimekwisha kubatilishwa. Mwenzake anayesoma chuo akasema kinyume kabisa, kwamba ni udanganyifu wa mapadre wa zamani na kwamba Kanisa linalijua hilo ila limelificha kwa sababu ya sadaka za mahujaji. Wakabishana mpaka mama mmoja wa Jumuiya akawanyamazisha.

Nilichokiona ni kwamba wote wawili walizungumza kwa uhakika mkubwa, na hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kusema sanda hiyo ilionekana wapi kwa mara ya kwanza, ni nani walioipima, wala kipande kilichopimwa kilikatwa sehemu gani. Kwa hiyo nawaomba wenye elimu ya historia ya Kanisa wanieleze kumbukumbu za maandishi zinasema nini, na wenye elimu ya sayansi wanieleze kama kipimo cha 1988 bado kinasimama au kimeanguka. Ningependa pia kujua Kanisa lenyewe linafundisha nini, kwa sababu katika ukumbi wetu tumetundika picha ya ule uso, na baadhi ya waamini huugusa kabla ya kuingia Misani. Sitaki kuwavunja moyo, wala sitaki kuwafundisha jambo ambalo si kweli.

Msomaji wa Nyaraka amejibu:

Milele amina, Katekista. Umeuliza vizuri, na mimi nitabaki upande wa maandishi, kwa kuwa ndiko nilikosomea.

Tukianza na kitu chenyewe, sanda hii ni kitambaa cha kitani chenye urefu wa takribani mita 4.4 na upana wa mita 1.1, kilichofumwa kwa mshazari unaoonekana kama mifupa ya samaki. Juu yake kuna sura hafifu, ya rangi ya manjano iliyoiva, ya mwanamume mwenye ndevu aliye uchi, akiwa ameonyeshwa kwa mbele na kwa nyuma, vichwa viwili vikikaribiana katikati ya kitambaa, kana kwamba alilazwa juu ya nusu moja kisha nusu ya pili ikakunjwa kupitia kichwani kumfunika. Kuna madoa mekundu mikononi, miguuni, ubavuni na kwenye paji la uso. Ukikisogelea sana sura hupotea, na ni mpaka urudi nyuma hatua kadhaa ndipo inapojikusanya tena.

Kumbukumbu ya kwanza isiyo na shaka inatoka Lirey, kijiji kidogo karibu na Troyes nchini Ufaransa, katika miaka ya 1350. Mmiliki wake alikuwa mwanajeshi maarufu, Geoffroi de Charny, aliyeuawa katika vita vya Poitiers mwezi Septemba 1356. Kuna nishani ndogo ya madini ya risasi, ya aina waliyonunua mahujaji, iliyookotwa katika mto Seine jijini Paris mwaka 1855 na ambayo sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Cluny. Imechorwa kitambaa chenye sura mbili za mtu, na chini yake nembo za ukoo wa Charny na ukoo wa Vergy, alikotoka mke wake Jeanne. Kwa hiyo tunajua kwamba sanda ilikuwa ikionyeshwa hadharani Lirey na kwamba watu walikuwa wakienda kuhiji.

Sasa tufike kwenye hati yenyewe inayobishaniwa. Mwaka 1389 Askofu wa Troyes, Pierre d'Arcis, alimwandikia Klementi VII, ambaye wakati wa ule mfarakano mkuu, Kanisa lilipokuwa na mapapa wawili wanaoshindana, alikaa Avignon na ambaye Kanisa halimhesabu katika orodha ya mapapa halali. Askofu alilalamika kwamba kitambaa cha Lirey kimeanza tena kuonyeshwa, akaeleza kwamba yapata miaka 34 kabla ya hapo mtangulizi wake, Henri de Poitiers, alilichunguza jambo hilo, akagundua kwamba sura imechorwa kwa ustadi, na hata mchoraji mwenyewe alikiri. Aliongeza hoja ambayo mimi huiona kuwa nzito kuliko zote: haiwezekani Wainjili wanyamaze kimya kuhusu sanda yenye sura ya Bwana, wala jambo kubwa namna hiyo lifichike hadi siku zake. Mwaka uliofuata Klementi aliruhusu kitambaa kiendelee kuonyeshwa, kwa sharti kwamba watu watangaziwe wazi kuwa hiyo si sanda halisi bali ni mfano wake.

Kwa muda mrefu hati hiyo ilisimama peke yake. Mwaka 2025 mwanahistoria Nicolas Sarzeaud alitangaza maandishi ya shahidi mwingine, Nicole Oresme, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa karne ile, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Lisieux na akafariki mwaka 1382. Oresme, akieleza kwa nini mtu asikimbilie kuamini kila muujiza, anatoa mfano wa kanisa moja la Champagne, mkoa ulimo Lirey, lililosemekana kuwa na sanda ya Bwana Yesu, na anausema kuwa ni udanganyifu dhahiri wa makleri waliotaka sadaka. Huyu aliandika kabla ya d'Arcis, na hakuwa na ugomvi wowote na wenye kanisa la Lirey.

Historia ya baadaye haina utata mwingi. Mwaka 1453 Marguerite de Charny, mjukuu wa Geoffroi, aliwapa sanda watawala wa Savoy, na kwa kutoirudisha Lirey alitengwa na Kanisa mwaka 1457. Ilikaa Chambéry, ambako usiku wa tarehe 4 Desemba 1532 kanisa liliungua. Sanduku la fedha lilipata moto mkali, fedha iliyoyeyuka ikapenya kitambaa kilichokunjwa, ndiyo maana matundu yake yanajirudia kwa mpangilio pande zote mbili za sura. Watawa Waklara waliyatia viraka mwaka 1534. Mwaka 1578 mtawala wa Savoy aliihamishia Torino, na mmoja wa waliokwenda kuisalimu mwaka huohuo ni Mtakatifu Karoli Boromeo, aliyetembea kwa miguu kutoka Milano kutimiza nadhiri aliyoiweka wakati wa tauni.

Kwa hiyo, Katekista, yule kijana wa chuo umwambie jambo moja. Waliosema kwanza kwamba sanda ya Lirey si halisi walikuwa maaskofu. Na aliyezikusanya na kuzichapisha hati hizo mwaka 1900 alikuwa padre Mkatoliki, Ulysse Chevalier. Kanisa halikuficha kitu hapa.

Dada Muuguzi ameandika:

Nashukuru kwa maelezo ya Msomaji wa Nyaraka, lakini naomba nisimame upande wa pili, si kwa ushabiki bali kwa sababu kuna mambo ambayo hati hazijayajibu. Kazi yangu ni wodini. Nimewaosha marehemu wengi, na naijua miili iliyoumia.

Mtu anayeonekana katika sanda ameumia kama mtu anavyoumia kweli. Wachoraji wengi wa Zama za Kati walipomchora Bwana msalabani waliweka misumari katikati ya viganja. Katika sanda, doa la damu la mkono liko karibu na kifundo, na vidole gumba havionekani. Daktari mpasuaji Mfaransa, Pierre Barbet, alifanya majaribio katika miaka ya 1930 akaeleza kwamba kiganja hakiwezi kubeba uzito wa mwili bila kuchanika, ilhali kifundo kinaweza. Alama za mijeledi mgongoni ziko mbili mbili, nazo zimetawanyika kutoka mabegani hadi kwenye miguu kwa namna ambayo mchoraji wa kijijini asingejisumbua nayo. Aidha, wataalamu John Heller na Alan Adler waliyapima madoa wakasema ni damu, na kwamba chini ya damu hakuna sura, maana yake damu ilitangulia. Mchoraji gani huanza na madoa kisha akamzungushia mtu?

Halafu kuna lile la Secondo Pia. Mei 1898, mwanasheria huyu aliyependa upigaji picha aliruhusiwa kuipiga sanda picha kwa mara ya kwanza. Usiku, akiwa chumbani mwa giza na kioo kikubwa mkononi kikiwa bado kinachuruzika dawa, aliona uso wa mtu ukimtazama: katika negativu, ambapo kila kitu hupaswa kugeuka na kuwa kinyume, sura ndiyo iliyokaa sawasawa, yenye kina na upole. Uso huo ndio ulio katika ukumbi wenu, Katekista, maana picha nyingi zinazouzwa zinatokana na negativu. Mtu wa mwaka 1355 angechoraje kitu ambacho uzuri wake ungeonekana kwa chombo kitakachobuniwa karibu miaka 500 baadaye?

Kuhusu maandishi, Askofu d'Arcis hamtaji mchoraji kwa jina, na nakala za waraka wake zilizobaki hazina sahihi wala tarehe. Vilevile kuna barua ya Mei 1356 ambayo Askofu Henri de Poitiers huyohuyo anamsifu Geoffroi kwa kanisa lake bila kutaja kashfa yoyote. Tena, kabla ya Lirey kuna Konstantinopoli. Mwanajeshi wa msalaba Robert de Clari, aliyekuwepo wakati jiji lilipotekwa mwaka 1204, ameandika kwamba katika kanisa la Bikira Maria la Blachernae kulikuwa na sanda ya Bwana iliyoinuliwa wima kila Ijumaa hata umbo lake likaonekana, na kwamba baada ya jiji kutekwa hakuna aliyejua ilikwenda wapi. Je, haiwezekani ndiyo hii?

Mwalimu wa Fizikia amejibu:

Dada Muuguzi, hoja zako ni za haki na nyingine nitazirudia. Kwanza niruhusu nieleze kipimo, kwa sababu kitani ni mmea, na mmea hubeba saa yake ndani.

Mmea ukiwa hai huvuta kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni kaboni 14, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 5730. Ukivunwa, hauongezi tena. Kwa hiyo kinachopimwa ni mwaka ambao kitani kilivunwa shambani, wala si mwaka ambao sura iliwekwa.

Tarehe 21 Aprili 1988, katika kanisa kuu la Torino, kilikatwa kipande kimoja chembamba kutoka kwenye kona ya sanda, karibu na mahali ambapo vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa vipande vingine zamani. Maabara tatu, za Oxford, Zurich na Tucson katika jimbo la Arizona, kila moja ilipewa takribani miligramu 50, chini ya usimamizi wa jumba la makumbusho la Uingereza lililowakilishwa na Michael Tite. Pamoja na sanda zilipewa vitambaa vingine vitatu vyenye umri unaojulikana: kitani kutoka kaburi la Qasr Ibrim huko Nubia, kitani cha maiti iliyokaushwa kutoka Thebes nchini Misri, na nyuzi za joho la Mtakatifu Luis wa Anjou. Vitambaa hivyo vya majaribio vilitoa umri uliotarajiwa katika maabara zote. Sanda ilitoa, kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka mwaka 1950, miaka 646 huko Tucson, 676 huko Zurich na 750 huko Oxford. Zikiunganishwa na kusahihishwa, maana yake ni kati ya mwaka 1260 na 1390, kwa uhakika wa asilimia 95. Matokeo yalitangazwa na Kardinali Anastasio Ballestrero, Askofu Mkuu wa Torino mwenyewe, tarehe 13 Oktoba 1988.

Utaona kwamba namba hizo tatu hazikubaliani vizuri. Kati ya Tucson na Oxford kuna zaidi ya miaka 100, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko makadirio ya makosa ya vipimo vyao. Jambo hilo lilionekana tangu mwanzo, na baada ya data ghafi kupatikana kutoka London mwaka 2017, kundi la watafiti likiongozwa na Tristan Casabianca lilichapisha mwaka 2019 uchambuzi unaoonyesha kwamba vipande havikuwa na umri unaolingana na kwamba ule uhakika wa asilimia 95 ulitangazwa mapema mno. Mimi nakubaliana nao. Pia ilikuwa kosa kukata kipande kimoja tu, tena kutoka kwenye kona iliyoshikwa kwa mikono karne nyingi, wakati mpango wa awali ulikuwa wa maabara saba.

Lakini hapa ndipo video ya vijana wako, Katekista, inaporuka. Kusema kwamba ukingo wa makadirio si imara hakumaanishi kwamba kitambaa ni cha karne ya kwanza. Kama kingekuwa cha wakati wa Bwana, maabara zingesoma umri wa karibu miaka 1950, si 650 au 750. Tuseme uchafu ndio uliopotosha. Nimefanya hesabu hiyo na wanafunzi wangu ubaoni: ili kitani cha karne ya kwanza kisomeke kama cha karne ya 14 kwa sababu ya uchafu wa siku hizi, takribani theluthi mbili ya kaboni iliyopimwa ingepaswa kuwa uchafu. Hicho si kitambaa chenye vumbi, ni vumbi lenye nyuzi kidogo, na kiliwahi kuoshwa kwa dawa kabla ya kupimwa.

Nadharia yenye nguvu zaidi ni ile ya kwamba kona hiyo ilishonwa upya kwa nyuzi mpya. Mwanakemia Raymond Rogers aliitetea mwaka 2005, akidai kwamba nyuzi za kona zina pamba na rangi ambazo hazimo katika sehemu nyingine. Dhidi yake kuna ushuhuda wa Mechthild Flury-Lemberg, mtaalamu wa vitambaa vya kale kutoka Uswisi, aliyeongoza ukarabati wa mwaka 2002, akaviondoa viraka vya Waklara na kukiona kitambaa pande zote mbili. Alisema hakuna mshono wa namna hiyo. Huyu si adui wa sanda. Alieleza hata kwamba mshono wa pembeni unafanana na mishono ya vitambaa vya karne ya kwanza vilivyopatikana Masada, ngome ya kale ya Wayahudi. Nampa uzito mkubwa kwa sababu hiyohiyo.

Kuhusu eksirei, utafiti ulichapishwa mwaka 2022 na kundi la Liberato De Caro kutoka Italia. Walichukua uzi mdogo usiozidi milimita moja, wakapima jinsi selulosi yake, yaani kitu kinachojenga nyuzi za mmea, ilivyochakaa, wakaona unalingana na kitani cha Masada. Hata hivyo wao wenyewe waliweka sharti ambalo video haisemi: hesabu yao inasimama iwapo sanda ilihifadhiwa kwa karne 13 kabla ya kuonekana Ulaya katika joto la nyuzi 20 hadi 22.5 na unyevu wa asilimia 55 hadi 75. Uchakavu wa selulosi hutegemea joto, na kitambaa hiki kimepita katika moto ulioyeyusha fedha. Njia hiyo bado ni changa, na uzi mmoja hautoshi kuangusha maabara tatu.

Mkaazi wa Dimbani ameandika:

Assalamu alaykum nyote. Mimi ni Mwislamu wa Unguja na sina la kusema juu ya imani yenu, ila nimesoma maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, na ningependa mjue kisa cha sanda nyingine, ambacho naona kinagusa mada hii moja kwa moja.

Katika abasia ya Cadouin, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kulikuwa na kitambaa kilichoheshimiwa tangu karne ya 12 kwamba kilifunika kichwa cha Nabii Isa. Wafalme na mahujaji walikwenda kukizuru. Kilikuwa na mistari ya mapambo yenye rangi kwenye kingo zake, ambayo kwa macho ya watu wa huko ilikuwa maua na nakshi tu. Katika miaka ya 1930 padre mmoja Mjesuiti alikichunguza, na mistari ile ikasomwa na wataalamu wa Kiarabu. Kumbe ni maandishi ya Kikufi, yenye jina la khalifa wa Kifatimi wa Misri al-Musta'li, aliyetawala kuanzia mwaka 1094 hadi 1101, na la waziri wake al-Afdal. Kitambaa kilikuwa kimefumwa Misri katika miaka hiyohiyo ya vita vya kwanza vya msalaba. Askofu wa hapo alisimamisha hija.

Sisi huku tuna mwandiko wa zama hizohizo: kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani kina Kikufi chenye nakshi za maua, chenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mtoto wa madrasa anaweza kusimama mbele yake asijue kwamba nakshi zile ni aya. Waliokiheshimu kitambaa cha Cadouin karne nane hawakuwa waongo. Hawakuweza kukisoma.

Katekista wa Kigangoni ameandika:

Nawashukuru sana, na wewe ndugu wa Dimbani nakushukuru kwa namna ya pekee. Naona sasa kwamba kati ya udanganyifu na uhalisi kuna njia nyingine, kwamba kitu kinaweza kutengenezwa kwa nia moja na kuheshimiwa kwa nia nyingine. Yamebaki mawili. Msomaji wa Nyaraka, mapapa wa karibuni wamesema nini? Na Mwalimu, kama si sanda ya karne ya kwanza, sura ile ilitengenezwaje? Hilo la Dada Muuguzi halijajibiwa.

Msomaji wa Nyaraka amejibu:

Sanda ilikuwa mali ya ukoo wa Savoy mpaka mwaka 1983, ambapo mfalme wa mwisho wa Italia, Umberto II, alifariki na kuiacha kwa Papa. Kwa hiyo leo mmiliki ni Baba Mtakatifu. Papa Yohane Paulo II, alipoizuru Torino tarehe 24 Mei 1998, alisema wazi kwamba swali la uhalisi si jambo la imani, na kwamba Kanisa halina mamlaka ya kipekee ya kulitolea uamuzi, bali linawaachia wanasayansi waendelee kuchunguza. Aliiita kioo cha Injili. Papa Benedikto XVI mwaka 2010 aliieleza kama ikoni ya Jumamosi Takatifu, na Papa Fransisko naye aliizungumzia kama ikoni. Ikoni haihitaji kuwa imeugusa mwili wa Bwana ili mtu aombe mbele yake. Hilo ndilo Klementi alilolidai mwaka 1390 kwa maneno ya wakati wake, na mimi huliona kuwa msimamo mzuri zaidi kuliko ule wa walioitetea na walioishambulia. Picha ya ukumbini kwenu iache mahali pake, ila chini yake msiandike kwamba ni picha halisi ya Bwana.

Dada Muuguzi, juu ya Blachernae: Robert de Clari anastahili kusikilizwa, lakini kati ya 1204 na miaka ya 1350 kuna karne moja na nusu bila hati yoyote inayoiunganisha Konstantinopoli na Lirey. Na wanaoiunganisha sanda na ile picha ya Edessa, kitambaa kilichosemekana kuwa na sura ya Bwana, iliyohamishiwa Konstantinopoli mwaka 944 wanakutana na shida kwamba mapokeo ya Edessa yanazungumzia uso, hayazungumzii mwili mzima. Ama barua ya Mei 1356, askofu anaweza kumsifu mtu kwa kujenga kanisa kabla hajasikia kilichokuja kuonyeshwa ndani yake.

Mwalimu wa Fizikia amejibu:

Katekista, hapa ndipo sayansi inapodaiwa zaidi. Mwezi Oktoba 1978 kundi la Wamarekani lililojulikana kama STURP liliichunguza sanda kwa siku tano, usiku na mchana, na mwaka 1981 likatangaza kwamba sura si kazi ya mchoraji, kwamba madoa ni ya damu, na kwamba namna sura ilivyopatikana haijaelezeka. Walter McCrone, bingwa wa hadubini aliyepewa sampuli zao, alipinga vikali: alisema aliona udongo mwekundu wa oksidi ya chuma na vermilioni, rangi nyekundu ya wachoraji, akahitimisha kwamba ni mchoro wa miaka ya 1350. Heller na Adler, ambao Dada amewataja, walizitazama sampuli hizohizo wakafikia jibu tofauti.

Ninachokiona mimi ni kwamba rangi ya sura imekaa kwenye nyuzi za juu kabisa tu, haijapenya, jambo ambalo brashi yenye rangi ya maji isingelifanya kirahisi. Lakini kuna njia nyingine zaidi ya brashi. Mwaka 2009 mwanakemia wa Kiitaliano Luigi Garlaschelli alimlaza mtu, akatandaza kitani juu yake, akasugua rangi yenye asidi kidogo, kwa uso akatumia kinyago kilichochongwa, kisha akakikausha kitambaa kwa joto na kukiosha. Kilichobaki ni sura hafifu inayogeuka vizuri katika negativu. Si sawa kabisa na ya Torino, na watetezi wameonyesha tofauti zake, lakini inajibu swali la negativu: anayesugua huweka rangi nyingi mahali palipoinuka, yaani pua, paji na mashavu, na hiyo ndiyo negativu bila kamera yoyote. Aidha, kitambaa kikizungushwa kwenye kichwa cha mtu halisi kisha kikanyooshwa, uso hutoka mpana kama mask iliyobonyezwa, ilhali uso wa Torino ni mwembamba na mrefu. Utafiti wa Cicero Moraes wa mwaka 2025, uliofanywa kwa kompyuta, ulionyesha kwamba sura inalingana zaidi na sanamu bapa kuliko na mwili wa mtu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kitani cha kati ya karne ya 13 na 14, kwa maandishi na kwa kipimo, na mbinu ya sura ambayo bado haijarudiwa kwa ukamilifu.

Dada Muuguzi ameandika:

Mwalimu, sijashawishika kuhusu majeraha, na nitaendelea kusali mbele ya uso ule. Ila nakubali kwamba hoja ya negativu si ngumu kama nilivyofundishwa. Nina swali moja tu. Kama kona ndiyo inayolalamikiwa na kila upande, kwa nini kisipimwe kipande cha mahali pengine?

Mwalimu wa Fizikia amejibu:

Hilo ndilo ombi ambalo wote, wanaokubali na wanaokataa, wangepaswa kulitoa kwa pamoja. Tangu 1988 haijatolewa ruhusa ya kukata tena kwa ajili ya kipimo cha kaboni. Hata hivyo si lazima kukata. Flury-Lemberg alipoondoa viraka mwaka 2002, mabaki yaliyoungua kwenye kingo za matundu yalikusanywa na kuhifadhiwa Torino, nayo yanatoka sehemu mbalimbali za kitambaa, mbali na ile kona. Siku hizi mashine za kuhesabu atomi zinahitaji kaboni kidogo sana kuliko mwaka 1988. Kitani kilichoungua hupimika, mradi kisafishwe vizuri, na wanaakiolojia hupima mkaa kila siku. Maabara tano au sita zikipewa mabaki hayo pamoja na vitambaa vya majaribio, na mpango wote ukichapishwa kabla ya kuanza, swali la kona litakwisha. Anayeweza kutoa ruhusa hiyo ni mmiliki, naye ni Papa.